Vijana Wetu na Kazi ya Tiba ya Viungo

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi wengi katika matawi yetu huanza kuulizana swali moja: mtoto aliyefaulu fizikia, kemia na biolojia asomee nini? Jibu la kwanza huwa udaktari. Nafasi za udaktari zikiisha, hutajwa ufamasia, kisha uuguzi, kisha kimya. Ni wachache wanaotaja tiba ya viungo, kazi ambayo hospitalini huitwa fiziotherapia, na ambayo ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, kwa desturi ya Kifaransa, huiita kinezitherapia.

Tumeona inafaa tuieleze kazi hii kwa kirefu, kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wanastahili kuijua kabla ya kujaza fomu za chuo. Pili, hakuna watu wanaowahitaji wataalamu hawa kuliko sisi tunaokula kwa jasho: fundi mwashi, mpakuaji wa mizigo, mkata miwa, mwendesha mashine, dereva wa lori, na muuguzi anayeinua wagonjwa usiku kucha. Sisi ndio tunaovunjika, tunaoteguka na tunaopinda migongo. Basi ni haki yetu kuuliza ni nani atakayetunyoosha, alisomea wapi, na anaishi kwa mshahara gani.

KAZI YENYEWE NI NINI

Wengi hudhani kwamba mtaalamu wa viungo ni mtu wa kukanda tu. Kukanda kumo, lakini ni sehemu ndogo. Kazi yake hasa ni kuchunguza mwendo wa mwili, kupima kilichopungua, na kumrudishia mgonjwa uwezo wake hatua kwa hatua kwa mazoezi, kwa mikono, kwa vifaa na kwa mafundisho.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi aliyevunjika mguu kwa kuanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Daktari amemfunga plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita piopii, na baada ya majuma kadhaa mfupa umeunga. Picha ya eksirei inaonyesha kila kitu kizuri. Lakini plasta ikifunguliwa, mguu umekuwa mwembamba, goti halikunji na kifundo kimekakamaa, kwa sababu msuli usiotumika hunyauka na kiungo kisichosogezwa hukaza. Mfupa umepona, mtu hajapona. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa viungo inapoanza, na penye utaratibu mzuri huwa imekwisha kuanza tangu mgonjwa yuko kitandani.

Mtaalamu huyo hakisii. Ana chombo cha kupimia pembe za kiungo, kiitwacho goniometa, ambacho humwonyesha goti linakunja nyuzi ngapi leo na lilikunja ngapi juma lililopita. Nguvu ya msuli anaipima kwa kipimo cha kuanzia 0 mpaka 5. Sufuri maana yake msuli haujibu kabisa. Moja ni mtikisiko mdogo usiosogeza kiungo. Mbili ni kiungo kusogea pale tu uzito wake unapoondolewa. Tatu ni kuweza kukiinua kiungo dhidi ya uzito wake chenyewe. Nne ni kuweza kustahimili msukumo kiasi, na tano ni nguvu kamili. Mtu mwenye tatu anaweza kuinua mkono wake, lakini asirudishwe kubeba magunia. Mwajiri asiyejua tofauti hiyo humwona mtu anatembea, akasema amepona, akamrudisha kwenye mzigo siku hiyo hiyo.

Mfano mwingine ni wa mshipa wa fahamu uliokatwa na mashine karibu na kiwiko. Daktari wa upasuaji akiuunganisha, mshipa huo huota upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko mpaka viganjani ni kama milimita 300, yaani miezi kumi hivi kabla ya fahamu kuanza kurudi vidoleni. Katika miezi hiyo yote vidole visiposogezwa vitajikunja na kukauka, na mshipa ukifika utakuta mkono umekwisha kufa ganzi ya milele kwa kazi. Mfanyakazi asiyeelezwa hesabu hiyo hukata tamaa mwezi wa tatu. Akielezwa, huvumilia.

Hayo ni ya ajali. Mbali nayo wako wagonjwa wa kiharusi wanaofundishwa upya kukaa, kusimama na kushika kijiko. Wako watoto wenye mtindio wa ubongo, na wale waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Hao wa nyayo wana tiba iliyobuniwa na Daktari Ignacio Ponseti katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani: wayo hunyooshwa kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa plasta mpya kila juma, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo, mwanzoni karibu usiku na mchana, baadaye wakati wa kulala tu mpaka afikishe miaka minne au mitano. Wako pia waliopasuliwa kifua au tumbo, ambao wasipofundishwa kupumua vizuri na kukohoa makohozi hushikwa na kichomi.

Na usisahau maumivu ya kiuno. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna tatizo lingine linalowalemaza watu wengi zaidi duniani. Zamani mtu wa namna hiyo aliambiwa alale chali majuma mawili. Siku hizi elimu imebadilika: kwa wagonjwa walio wengi kulala sana huzidisha tatizo, na dawa yake ni kuendelea kujisogeza kwa kipimo na kuimarisha misuli.

CHIMBUKO LAKE

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha huko Stockholm, Uswidi, chuo cha mazoezi ya mwili ambacho mafunzo yake yalienea Ulaya. Mwaka 1894 wanawake wanne wa London waliokuwa wauguzi, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, waliunda chama cha wakandaji waliofundishwa, kwa sababu jina la kazi yao lilikuwa linachafuliwa na watu waliotumia nyumba za kukandia kwa biashara nyingine. Walitaka mafunzo, mtihani na cheti, ili mgonjwa ajue amemwendea nani. Vita kuu mbili na magonjwa ya kupooza kwa watoto, yaani polio, vikaongeza haja ya kazi hiyo. Mwaka 1951 vyama vya nchi 11 vilikutana Copenhagen na kuunda shirikisho la dunia, na sasa tarehe 8 Septemba kila mwaka ni siku yao.

Katika eneo letu pia polio ndiyo iliyowaamsha wengi. Nchini Rwanda, mwaka 1960, padre Mbelgiji Joseph Fraipont alianzisha kituo cha Gatagara kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, na kituo hicho kikawa mfano wa kazi hii katika Maziwa Makuu.

MASOMO YAKE

Shirikisho la dunia linashauri kwamba masomo ya kazi hii yawe ya kiwango cha chuo kikuu na yasipungue miaka minne. Katika nchi zetu milango iko miwili: stashahada na shahada. Stashahada hutolewa, kwa mfano, katika chuo cha Mulago nchini Uganda, katika chuo cha KCMC mjini Moshi, Tanzania, na katika vyuo vya mafunzo ya tiba vya serikali ya Kenya. Shahada hutolewa katika vyuo vikuu kama Mbarara nchini Uganda, Moi nchini Kenya, chuo kikuu cha tiba cha KCMC, na Chuo Kikuu cha Rwanda, ambacho mwaka 2013 kilikiunganisha ndani yake kile chuo cha afya cha Kigali kilichoanzishwa mwaka 1996. Mwenye stashahada hajafungiwa mlango: wengi hufanya kazi miaka michache, kisha hurudi chuoni kutafuta shahada.

Mwaka wa kwanza ni wa kuufahamu mwili. Mwanafunzi hujifunza kila mfupa, kila msuli umeanzia wapi na umeshikilia wapi, na kila mshipa wa fahamu unapita wapi. Hapo ndipo wengi hulia, maana hakuna njia ya mkato; ni kusoma na kurudia. Mwaka wa pili huingia sayansi ya mwendo, yaani namna uzito, wenzo na nguvu zinavyofanya kazi katika mwili, pamoja na elimu ya magonjwa na mbinu za kuchunguza mgonjwa. Kijana aliyeipuuza fizikia shuleni huona taabu hapa, kwa kuwa mkono unaoinua ndoo ni wenzo sawa na mtaimbo wa fundi. Miaka inayofuata ni ya wodini: mifupa, mishipa ya fahamu, watoto, kifua, wagonjwa mahututi, na kazi za vijijini. Mwishoni hutakiwa kufanya utafiti mdogo na kuuandikia ripoti.

Kwa kijana anayejiandaa, tunatoa mashauri haya.

Kwanza, kabla ya kuomba nafasi, aende hospitali iliyo karibu aombe ruhusa ya kutazama kazi hiyo siku mbili tatu. Aone mgonjwa wa kiharusi akijaribu kunyanyua kidole kwa nusu saa bila mafanikio, na mtaalamu akimwambia, haya, tena. Asiye na subira ya namna hiyo atafute kazi nyingine mapema, wala si aibu.

Pili, aulize chuo maswali bila woga. Je, kozi hii inatambuliwa na baraza linalosajili wataalamu? Nchini Uganda baraza hilo limetokana na sheria ya mwaka 1996 ya wataalamu wa afya shirikishi. Kenya ina sheria yake ya wataalamu wa viungo ya mwaka 2014. Rwanda nayo ina baraza lake. Je, chuo kina wodi za kufundishia, au wanafunzi wanatafutiwa hospitali wakifika? Je, mwalimu mmoja anasimamia wanafunzi wangapi wodini? Cheti cha chuo kisichotambuliwa ni karatasi, hata kingegharimu shamba zima la baba.

Tatu, ajifunze lugha. Tiba hii haimezwi kama kidonge. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayeifanya, tena nyumbani, mbali na macho ya mtaalamu. Asipoelewa sababu ya zoezi, hatalifanya. Mtaalamu anayejua kulieleza kwa Kiswahili chepesi, au kwa lugha ya mgonjwa, huponya wengi kuliko mwenye maneno makubwa ya kitabuni.

Nne, autunze mwili wake. Kuna kinaya katika kazi hii: wanaotibu migongo ya wengine huumwa migongo wenyewe, pamoja na vidole gumba, kwa kuinua na kubonyeza kutwa nzima. Mwanafunzi ajifunze mapema kuinua kwa mapaja, kuomba msaada wa mwenzake, na kutumia shuka la kuvutia na ubao wa kuhamishia mgonjwa.

TAABU ZINAZOWANGOJA

Hatutaki kuwadanganya vijana. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingenufaika na huduma za utengamao, na kwamba katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati wataalamu wa huduma hizo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Anayesikia hesabu hiyo atadhani kwamba kijana akimaliza chuo atagombaniwa. Mambo hayako hivyo. Haja ya wagonjwa ni jambo moja, na nafasi iliyotengewa mshahara katika bajeti ya serikali ni jambo lingine. Hospitali yaweza kuwa na foleni ya wagonjwa mpaka nje ya mlango, na wakati huo huo kijana mwenye cheti akazunguka mjini na bahasha mwaka mzima.

Anayebahatika kuajiriwa mara nyingi hukuta yuko peke yake, au wawili, kwa wilaya nzima. Chumba alichopewa kilikuwa stoo. Vifaa ni kitanda kimoja, kamba ya kuvuta na ngazi mbili za mbao, na ni juu yake kutengeneza vingine kwa mbao na mipira ya gari. Wapo wanaofanya mafunzo ya vitendo miezi mingi bila posho wala nauli, huku wakihudumia wagonjwa kama walioajiriwa. Sisi tunasema waziwazi kwamba hiyo si elimu tena. Ni kazi isiyolipwa, na kazi isiyolipwa chama hakiwezi kuinyamazia.

MTAALAMU NI MFANYAKAZI

Kuna vijana wanaoamini kwamba mwenye shahada si mtu wa chama. Kwamba vyama ni vya wenye ovaroli. Kwao tunaleta mfano wa kile chama cha wanawake wanne wa London. Kilianza kama chama cha kulinda heshima ya taaluma, kikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1976 kikajisajili kuwa chama cha wafanyakazi pia, na mwaka 1992 kikajiunga na shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Uingereza. Mapema mwaka 2023 wanachama wake katika hospitali za umma waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Hapa kwetu, mwaka 2022 wafanyakazi wa afya shirikishi nchini Uganda, ambao wataalamu wa viungo ni miongoni mwao, nao waliweka chini vifaa wakidai mishahara waliyoahidiwa. Heshima ya taaluma na haki ya mshahara ni kama miguu miwili. Mwenye kutembea kwa mmoja, hata akiwa mtaalamu wa viungo, atachechemea.

Basi kijana anapoingia kazini ajiandikishe mara tatu: katika baraza, ili awe na leseni, katika chama cha taaluma yake, ili elimu yake isichakae, na katika chama cha wafanyakazi, ili asisimame peke yake mbele ya mwajiri.

WAJIBU WA MATAWI YETU

Tumalize na upande wetu wa pili, wa wale wanaoumia. Sheria ya fidia ya Uganda ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya aliyeumia kazini, na inaweka fidia ya mishahara ya miezi 60 kwa aliyelemaa kabisa kwa kudumu. Nchini Tanzania sheria ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na utengamao umetajwa wazi miongoni mwa mafao yake. Lakini katika matawi yetu tunaona jambo lile lile kila mara: mwajiri hulipia gari la wagonjwa, hulipia upasuaji, hulipia plasta, kisha huona amemaliza. Miezi ya mazoezi, ambayo ndiyo inayoamua kama mtu atarudi kazini, haimo katika hesabu yake. Mfanyakazi hukosa nauli ya kwenda hospitali mara mbili kwa juma, goti linakauka, na baada ya muda anapewa barua kwamba hafai tena kwa kazi.

Kwa hiyo tunawaomba wawakilishi wa matawi wafanye mambo manne. Mkataba wa hali bora unapojadiliwa, waitake ibara inayotaja tiba ya viungo kwa jina lake, pamoja na nauli na muda wa kwenda hospitali bila kukatwa mshahara. Mtu anapoumia, waulize daktari tangu juma la kwanza ni lini atapelekwa kwa mtaalamu wa viungo. Anaporudi, wadai maandishi ya mtaalamu yanayosema anaweza kuinua kilo ngapi na kusimama saa ngapi, ili apewe kazi nyepesi kwanza. Na pale ambapo hospitali ya wilaya haina mtaalamu, tawi liandike barua kwa wakuu wa wilaya, na likumbushe kila mwaka bajeti inapopangwa.

Hayo yakifanyika, vijana wanaosoma watapata kazi, na wazee wao waliovunjika watapata tiba. Ni jambo moja lenye pande mbili. Mtu aliyeumia akiitumikia kampuni anastahili kusimamishwa kwa miguu yake, si kusimamishwa kazi.